Mlango wa Shimo la Tewa: kwa nini wengine hurudi

Siku mtoto wa ami yangu alipotoka gerezani kwa mara ya pili, nilikuwa kituoni Bakarani nikingoja mbaazi na mahamri yangu. Alishuka kwenye matatu na mfuko wa nailoni mkononi. Ndani yake mlikuwa na shati moja, kandambili, mswaki na karatasi ya kuachiliwa iliyokunjwa mara nne. Hakuna aliyekwenda kumpokea kwa sababu nyumbani hawakujua atatoka siku gani hasa. Tukafuatana. Tulipoingia kwenye uchochoro wa kwao, jirani mmoja, mama wa makamo tunayemheshimu sote, alitoka mbio akaanua nguo kwenye kamba. Zilikuwa bado zinadondoka maji. Alizikumbatia zote, kanga yake ikalowa kifuani, akaingia ndani na kufunga mlango bila kuitikia salamu yetu.

Simlaumu. Miezi kadhaa kabla ya kijana wetu kufungwa, nguo za mama huyo ziliibwa kwenye kamba hiyo hiyo, na mtaa mzima ulijua zilikwenda wapi. Lakini ile kamba tupu hunijia kila ninaposikia watu wakibishana kuhusu wahalifu na adhabu, na Mombasa ubishi huu hauishi. Vijana wa panga wakivamia mtaa usiku, kesho yake baraza zote za Kisauni hugawanyika mara mbili. Upande mmoja unasema wafungwe wasionekane tena, na gerezani walale chini wajue dunia ni nini. Upande wa pili unasema hawa ni watoto wetu, warekebishwe. Kila upande una asilimia zake, umezisikia redioni au umezipata kwenye simu.

Tuanze na hizo asilimia, maana hapo ndipo penye mkanganyiko mkubwa. Mtu akisema kwamba asilimia fulani ya wafungwa hurudia uhalifu, kuna maswali matatu ya kumuuliza: kurudia kwa maana gani, ndani ya muda gani, na ni wafungwa gani waliohesabiwa. Idara ya takwimu za haki ya serikali ya Marekani iliwafuatilia wafungwa walioachiliwa mwaka 2005 katika majimbo 30. Baada ya miaka mitano, asilimia 76.6 walikuwa wamekamatwa tena na polisi. Waliopatikana na hatia ya kosa jipya walikuwa asilimia 55.4. Waliohukumiwa kifungo kipya cha gerezani kwa kosa jipya walikuwa asilimia 28.2. Watu ni wale wale, miaka ni ile ile mitano. Anayetaka kusema magereza yameshindwa kabisa atachukua tarakimu ya kwanza, anayetaka kuyatetea atachukua ya mwisho, na hakuna kati yao atakayekuwa amesema uongo.

Sasa ilete hesabu hiyo Kisauni. Mtoto wa ami alikamatwa mara tatu kwenye misako katika mwaka mmoja baada ya kutoka hiyo mara ya pili, mara mbili akitolewa kitandani, na mara zote tatu aliachiliwa bila kufikishwa mahakamani. Sura yake inajulikana, basi. Tukihesabu kukamatwa, huyo ni mhalifu aliyerudia mara tatu. Tukihesabu hukumu, hajarudia hata mara moja. Na kinyume chake pia kipo: mtu anaweza kupora simu kila wiki pale gizani penye ukuta wa makaburi na asiandikwe popote, kwa sababu aliyeporwa anaona hakuna faida ya kwenda kituoni, au anamjua mporaji na anaogopa kumtaja. Idadi ya waliorudia inaonyesha tabia za wafungwa, na pia inaonyesha tabia za polisi, za mahakama na za majirani.

Kisha kuna Norway, ambayo haikosekani kwenye mjadala huu. Utafiti wa nchi za Nordiki uliolinganisha walioachiliwa magerezani ulionyesha kuwa Norway asilimia 20 walihukumiwa tena ndani ya miaka miwili. Watu huishika hiyo 20, huiweka kando ya 76 ya Marekani, kisha husema tazameni kazi ya vyumba visafi na askari jela wapole. Tazama tena: 20 ni ya hukumu ndani ya miaka miwili, 76 ni ya kukamatwa ndani ya mitano. Ni kama kupima samaki mmoja kwa ratili na mwingine kwa pishi. Tena Norway hupeleka gerezani kwa muda mfupi watu wengi ambao Marekani wasingeingia kabisa, kwa mfano walioendesha gari wakiwa wamelewa, na watu wa namna hiyo aghalabu hawarudi. Kwenye utafiti huo huo jirani yake Sweden, ambayo magereza yake nayo si ya kutesa, ilikuwa na asilimia 43. Sisemi kwamba wema wa Norway hauna maana. Naamini una maana kubwa. Nasema ile tarakimu moja haibebi hoja nzima.

Jambo linalonisumbua zaidi, na ambalo kwenye baraza halizungumzwi, ni nani anayeingia gerezani tangu mwanzo.

Mara ya kwanza mtoto wa ami kufungwa alikuwa na miaka kumi na tisa. Alikutwa na misokoto miwili ya bangi. Hakimu alimtoza faini ya shilingi 10,000, na akishindwa, kifungo. Sheria ya adhabu ya Kenya, kifungu cha 28, ina ngazi zake za kubadilisha faini kuwa siku za jela: faini isiyozidi shilingi 500 ni siku 14, hadi 2,500 ni mwezi mmoja, hadi 15,000 ni miezi mitatu, hadi 50,000 ni miezi sita, na zaidi ya hapo ni mwaka. Hivyo ndivyo viwango vya juu. Ami alikuwa kibarua wa kupakua mizigo. Kwa siku mbili ilichangishwa kwa ndugu, kwa majirani, kwenye kikundi cha kina mama, ikapatikana 6,000. Kwa sababu ya shilingi 4,000 zilizopungua kijana akaenda gereza la Shimo la Tewa miezi mitatu. Mwenzake aliyeshikwa naye siku ile, kwa kosa lile lile na faini ile ile, alilala nyumbani kwao Nyali, kwa kuwa baba yake alilipa kabla ya saa nane mchana.

Hakimu alikusudia faini. Hakukusudia gereza. Na ukitaka kumfundisha kijana wa miaka kumi na tisa uhalifu, sijui njia iliyo bora kuliko kumweka miezi mitatu, bila kazi, kwenye selo moja na watu waliobobea. Miezi mitatu haitoshi kujifunza useremala wala kushona. Inatosha kujuana na watu.

Magereza ya Kenya yamejengwa kwa watu kama 30,000 hivi na kwa miaka mingi yamekuwa yakibeba zaidi ya 50,000. Sehemu kubwa yao ni mahabusu, yaani watu ambao bado kesi zao hazijaamuliwa. Wengi wa mahabusu wamepewa dhamana na mahakama lakini hawana wa kuiweka. Wako ndani kwa kukosa mtu mwenye hati ya nyumba. Kwa hiyo tunapouliza kama gereza linarekebisha, kwanza tukumbuke kwamba wengi walio ndani hawakupelekwa huko kurekebishwa, na wengine hawajapatikana na kosa lolote.

Wenyeji wa Mombasa wana historia ndefu na jambo hili kuliko wanavyodhani. Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, Waingereza waliigeuza kuwa jela mwaka 1895 na ikabaki hivyo mpaka 1958. Neno lenyewe gereza, wataalamu wa lugha hulirudisha kwa Kireno igreja, maana yake kanisa. Mahali pa toba pakawa jina la mahali pa kufungia watu. Leo nembo ya Idara ya Magereza ya Kenya ina maneno ya Kiswahili, Kurekebisha na Haki, na jela kubwa ya jiji imehamia Shanzu, karibu na hori la Mtwapa. Tewa kwa Kimvita ni yule samaki ambaye kwingine huitwa chewa, anayekaa kwenye mashimo ya miamba. Pale pana gereza la ulinzi mkali, pana gereza la wanawake, na pana taasisi ya Borstal ya wavulana, ambako mahakama hupeleka vijana wa miaka 15 hadi 17 kwa muda usiozidi miaka mitatu.

Haya, tuje kwenye adhabu yenyewe. Neno ni moja lakini kazi zake ni nyingi, na ubishi mwingi unatokana na watu kuzungumzia kazi tofauti kwa neno moja. Miongozo ya Mahakama ya Kenya kuhusu utoaji hukumu, iliyotolewa mwaka 2016, ilitaja malengo sita, yakiwemo kumlipiza mkosaji kwa haki, kuwaogofya wengine, kumrekebisha, kuilinda jamii na kurudisha uhusiano kati yake na aliyemkosea. Ilipopitiwa upya mwaka 2023 yakaongezwa upatanisho na kumrudisha mkosaji katika jamii. Hayo yote hakimu anatakiwa kuyapima pamoja asubuhi moja, kesi baada ya kesi.

Kulipiza kwa haki si jambo la kudharauliwa. Kuna mama mwenye kibanda cha M-Pesa si mbali na kwetu. Jioni moja vijana wawili waliingia, mmoja akamkata panga kwenye kigasha cha mkono wa kushoto kwa sababu alichelewa kufungua mtoto wa meza. Kovu lake linaanzia karibu na kiwiko hadi kwenye kifundo, limevimba kama kamba, na vidole viwili vya mwisho havikunji sawasawa. Anahesabu noti kwa mkono mmoja sasa. Nilipomwuliza anataka kijana yule afanywe nini, alisema, "Nataka ijulikane kuwa alinikata." Hakusema ateswe. Alitaka kuambiwa hadharani, na mtu mwenye mamlaka, kwamba alitendewa uovu. Wanaotetea urekebishaji wakimruka mama huyu wakaenda moja kwa moja kwenye kumhurumia kijana, ana haki ya kutowasikiliza.

Kuogofya ndiko hoja ya ukali inakoelemea, na ndiko ilipo dhaifu. Wizi wa mabavu nchini Kenya una adhabu ya kifo kwenye kitabu cha sheria, na mara ya mwisho mtu kunyongwa na serikali ilikuwa 1987. Hakuna adhabu iliyo kali kuliko hiyo, na vijana wa panga hawakuacha. Tena mitaani kuna adhabu ya haraka zaidi. Anayepigiwa kelele za "mwizi!" akazingirwa huenda asifike kituoni akiwa hai. Sote tumewahi kupita mahali tukaona lami iliyoungua na kugeuza uso. Nayo haikumaliza wizi.

Mwanasheria Mwitaliano Cesare Beccaria aliandika mwaka 1764 kwamba kinachomzuia mtu ni uhakika wa kupatikana kuliko ukubwa wa adhabu, na utafiti wa miongo ya karibuni umeelekea huko huko. Kijana anayetoka na panga saa mbili usiku hahesabu kama atafungwa miaka saba au kumi na nne. Anahesabu kama atakamatwa leo. Taa inayowaka uchochoroni, polisi anayefika akiitwa, shahidi asiyeogopa kusema, kesi isiyoahirishwa mara kumi: hivyo vinaingia kwenye hesabu yake. Miaka inayoongezwa kwenye hukumu ambayo yeye hatarajii kuifikia haiingii.

Na kuna namna ya kutisha inayodhuru kabisa. Miaka ya 1970 Marekani walianza kuwapeleka vijana watundu kwenye gereza la Rahway, New Jersey, wakafokewe na wafungwa wa vifungo virefu ili waogope. Lilionekana wazo la akili sana. Watafiti walipokuja kulinganisha vijana waliopelekwa na wenzao wasiopelekwa, walikuta waliopelekwa walifanya makosa zaidi. Naandika hili kwa sababu hata kwetu nimewasikia wazazi wakiomba askari amweke mtoto korokoroni usiku mmoja tu, apate adabu. Mzazi anaomba kwa mapenzi, najua. Lakini usiku huo mtoto anaweza kurudi nyumbani na sifa mbele ya wenzake, na majina mawili ya kuwatafuta.

Kumtenga mtu ni kazi nyingine ya gereza, na ni ya kweli: aliye ndani hawezi kukukata panga njiani. Kuna watu ambao jamii haina budi kuwaweka mbali kwa muda mrefu, na sioni aibu kulisema. Ila uhalifu wa mtaani ni wa vijana. Hupanda kasi kuanzia balehe, hufika kilele mtu akikaribia miaka ishirini, kisha hushuka mtu akipata kazi, mke, mtoto, au tu akichoka. Kumweka ndani mtu mpaka miaka hamsini kwa alichofanya akiwa na ishirini ni kulipia ulinzi kwa miaka ambayo huenda angeshaacha mwenyewe.

Upande wa urekebishaji nao una historia yake ya kuaibika. Mwaka 1974 mtafiti wa Marekani Robert Martinson alichapisha mapitio ya tafiti 231 za programu za kuwarekebisha wafungwa, na ujumbe uliosikika ulikuwa kwamba hakuna kinachofaa. Wanasiasa waliudaka. Vifungo vikarefushwa, walimu na washauri wakaondolewa. Mwaka 1979 Martinson mwenyewe aliandika kurudisha kauli yake, kwamba baadhi ya programu hufaa, baadhi hazifai, na nyingine hudhuru. Kauli ya pili haikusikika kama ya kwanza. Mwaka 2013 shirika la utafiti la RAND lilichambua tafiti za miongo mitatu kuhusu elimu gerezani, likakuta kwamba katika kila wafungwa mia, waliorudi kati ya waliosoma walipungua kwa watu kama 13 wakilinganishwa na wasiosoma. Ni kweli kwamba anayejiandikisha darasani huenda tayari alikuwa na nia ya kubadilika. Watafiti walilijua hilo, na hata walipobakiza tafiti zilizojitahidi kulidhibiti, faida ilibaki.

Kwa hiyo swali la kama urekebishaji unafaa halina jibu mpaka useme urekebishaji gani. Mwaka 2003 Moody Awori, aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani na mwaka huo huo akawa makamu wa rais, aliingiza magodoro, sare mpya na televisheni magerezani. Watu walilalamika kwamba jela imegeuzwa hoteli. Mimi namshukuru mzee yule kwa moyo wote, kwa sababu mtu kulala kwenye sakafu ya saruji si sehemu ya hukumu yoyote. Lakini godoro halimfundishi mtu kazi. Ni ubinadamu tu, nao unatosha kuwa sababu.

Kazi zenyewe hufundishwa: useremala, ushonaji, kilimo, na wapo wanaofanya mitihani ya kitaifa wakiwa ndani. Tatizo ni kule zinakoelekea. Kwa miongo mingi namba za magari ya Kenya zimetengenezwa gereza la Kamiti. Mtu akitumia miaka sita kuwa stadi wa kupiga namba za magari, akitoka ujuzi wake hauna duka la kuuzia, kwa kuwa kazi ile iko gerezani. Fundi aliyeshika randa ndani na akatoka bila randa hana tofauti kubwa na asiyewahi kuishika.

Hapa Mombasa kuna jambo moja linalopita yote, na ni unga. Heroini imekula vizazi vya Pwani. Teja haibi kwa kupenda wizi. Anaiba kwa sababu ikifika asubuhi mifupa inamuuma na jasho linamtoka, na dawa ya hilo ina bei. Mfungie miezi minane bila tiba, atateseka siku za mwanzo, mwili utasahau, na watu watasema amepona. Hajapona. Siku akitoka, mwili hauhimili tena kipimo alichozoea, na akichukua kile kile cha zamani anaweza kufa. Wiki mbili za kwanza baada ya gereza zinajulikana duniani kote kuwa za hatari kubwa ya kifo kwa watumiaji wa unga. Ndiyo maana kliniki za methadoni, dawa ya kunywa inayozuia maumivu ya kukosa unga, kama ile ya Kisauni, na huduma hiyo kufika hata Shimo la Tewa, ninaziona kuwa na uzito kuliko hotuba yoyote ya kukemea uhalifu. Mgonjwa anakuja kila siku, anakunywa kikombe chake mbele ya muuguzi, anaondoka. Hana haja ya kutafuta elfu moja kabla ya jua kuchomoza. Mawaidha ya masheikh na wachungaji yana nafasi yake, lakini sijaona mawaidha yaliyotuliza maumivu ya mifupa.

Nirudi kwenye zile takwimu za Marekani, kwani zina jambo moja ambalo watu hawalitaji. Kati ya wote waliokamatwa tena ndani ya miaka mitano, zaidi ya nusu walikamatwa katika mwaka wa kwanza. Mtu akiuvuka mwaka ule, uwezekano wa kurudi hupungua sana. Mlango ndio penye hatari. Sisi tunabishana kuhusu yanayotokea ndani ya ukuta, na sehemu kubwa ya mambo huamuliwa kati ya lango la gereza na kituo cha matatu, katika wiki ambazo hakuna mwenye jukumu nazo.

Mtoto wa ami mara ya pili alihukumiwa mwaka mmoja kwa wizi wa simu. Sheria ya magereza humpa mfungwa mwenye nidhamu punguzo la theluthi ya kifungo, kwa hiyo alikaa miezi minane. Alitoka na nia njema, hilo nalishuhudia. Aliomba kazi ya ulinzi kwenye kampuni moja, akaambiwa alete cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi. Alama za vidole zikamfichua. Akasema basi awe utingo wa matatu. Beji ya utingo nayo inataka cheti hicho hicho. Alibeba mawe kwa wiki tatu kwenye mjengo mmoja, kisha mjengo ukasimama. Wakati huo huo wenzake wa zamani walikuwa wakimpa chakula, mahali pa kulala na salamu. Wao hawakuanua nguo.

Kilichomsaidia, kama kitaendelea kumsaidia, ni vitu viwili: kikombe cha methadoni, na fundi mmoja wa makochi aliyemchukua bila kuuliza karatasi. Fundi hakuwa mjinga. Miezi sita ya kwanza kila jioni alihesabu nyundo, mikasi na sindano za kushonea ngozi mbele yake, akafunga kabati, akaondoka na ufunguo. Kijana alikasirika mwanzoni. Mwezi wa saba fundi alisafiri kwenda msibani Lamu, akamwachia ufunguo pasipo maneno mengi. Leo ni mwaka wa tatu. Mara moja katikati alianguka tena kwenye unga kwa wiki nzima, akarudi kliniki mwenyewe. Kwenye takwimu sijui angeandikwa wapi.

Njia za kutomwingiza mtu kabisa zipo pia, na zimekuwepo siku nyingi. Sheria ya huduma kwa jamii ya 1998 inamruhusu hakimu, kwa makosa yanayostahili kifungo kisichozidi miaka mitatu, kumpa mtu kazi ya bure kwa umma badala ya jela: kufagia zahanati, kuchimba mitaro, kupanda miti shuleni. Kifungo cha nje chini ya afisa wa probesheni huchukua miezi sita hadi miaka mitatu. Watu huziona hukumu hizi kuwa mtu ameachiwa. Lakini fikiria: anakutwa akifagia mtaani kwake, mchana, majirani wakimwona, na jioni analala kwao. Aibu ipo. Kazi ipo. Na hakupelekwa kwa waliobobea. Kwa ile misokoto miwili ya bangi hiyo ndiyo ingekuwa hukumu, na shilingi 4,000 zisingeamua chochote.

Kwa aliyemkata mama wa M-Pesa siwezi kusema hivyo. Yule alistahili kufungwa, na muda wake akautumikia. Sheria ya kuwalinda waathiriwa ya 2014 inampa mama haki ya kusikilizwa kabla ya hukumu, lakini yeye alifika mahakamani mara moja tu, akatoa ushahidi, akarudi kufungua kibanda. Baada ya hapo hakuna aliyemtafuta. Jumamosi moja aliinua macho kutoka kwenye daftari akamwona kijana yule ng'ambo ya barabara, amesimama penye mashine ya juisi ya miwa, amekonda, anaangalia huku na huku kama mgeni. Mama alifunga kibanda siku tatu.

"Nilijua iko siku atatoka," aliniambia. "Mimi sikutaka akae humo maisha. Wangenipigia simu tu, mwanangu. Ningejua nikae vipi."